Harusi ya Watu Arobaini

Kama uko jikoni, endelea na sufuria lako, sauti itakufikia hapohapo. Kama uko kwenye daladala na dereva ameamua kutuweka sisi badala ya muziki, mpe asante yangu.

Jioni ya leo nina maneno na watu wawili tu. Nyote mnakaribishwa kusikiliza, lakini ninaozungumza nao ni wawili: kijana ambaye barua yake ya posa imekwisha kujibiwa, na mchumba wake. Hawa wawili wamekaa mahali, pengine kwenye ngazi za nyumba ya kupanga, wakaambiana kwa sauti ya chini: sisi tunataka harusi ndogo. Watu arobaini. Wakizidi sana, hamsini. Halafu wote wawili wakanyamaza, maana kila mmoja amemkumbuka mama yake.

Arobaini? Najua umecheka. Hapa Dar es Salaam watu arobaini ni kamati, bado hatujaalika mtu.

Basi tuianzie hapohapo kwenye kamati, kwa sababu huko ndiko harusi ndogo inakofia. Unaijua ilivyo. Unaamka asubuhi unakuta umeingizwa kwenye kundi la WhatsApp. Kuna picha ya wachumba wamevaa sare, na kuna namba ya simu ya mweka hazina imewekwa juu kabisa ili usije ukasema hukuiona. Kuna mwenyekiti, kuna katibu. Kila jioni inapita orodha: jina, ahadi, alicholipa, anachodaiwa. Jina lako limo, na mbele yake pako wazi. Siku ya kwanza unajifanya hujaona. Siku ya pili bosi wako ameahidi, jirani ameahidi, hata yule anayekudai ameahidi. Na wewe utaahidi. Jumapili jioni kuna vikao. Ukitimiza kiasi fulani unapata kadi ya singo, ukiongeza kidogo unapata ya dabo, uje na mwenzio. Harusi ikipita, kamati inavunjwa kwa nyama choma na vinywaji, na mweka hazina anasoma mapato na matumizi mbele ya watu ambao macho yao yako kwenye jiko la mkaa.

Mimi siudharau utaratibu huu, na wanaosema kwamba ni ulimbukeni wa mjini siwaungi mkono. Mfanyakazi wa mshahara mdogo, ambaye peke yake asingeweza kununua hata keki, anamwoza binti yake mbele ya ukoo mzima kwa sababu watu walijichanga. Hilo si jambo dogo. Lakini tazama linavyofanya kazi. Mchango wa harusi unazunguka: mimi nilikuchangia wewe, wewe utanichangia mwanangu, na mwanangu atawachangia wako. Kila anayetoa anaandika moyoni, na wengine wanaandika kwenye daftari kabisa. Je, mtu aliyetoa laki moja kwenye harusi yako unaweza kumwambia, samahani, tunataka mambo madogo, baki nyumbani?

Huwezi. Na ndiyo nukta yangu ya leo, naomba ulishike neno hili hata kama utazima redio sasa hivi: ukichukua mchango wa mtu, umemuuzia kiti. Wengi wanasema wanataka harusi ndogo, halafu wanaunda kamati ndogo. Kamati ndogo inaongeza wajumbe, wajumbe wanaleta marafiki zao, fedha inaingia, na kwa kuwa fedha imeingia lazima ukumbi upatikane, na kwa kuwa ukumbi umepatikana lazima ujae. Mwisho wa habari ni watu mia tatu, na maharusi wako jukwaani juu kama wageni wengine, hawajui robo ya waliokaa mbele yao. Hakuna aliyekosea. Viti viliuzwa.

Kwa hiyo harusi ndogo haianzi kwa kuchagua rangi. Inaanza kwa swali moja: sisi wawili tuna shilingi ngapi zetu wenyewe? Zetu, zilizoko mkononi, bila za kuahidiwa. Tuseme katika mwaka mmoja na nusu mmeweka milioni tatu na nusu. Toeni pete. Toeni gauni na suti, na hapo niseme kwamba shela la kukodi halimpunguzii mtu thamani. Toeni picha. Kinachobaki ndicho cha chakula, na wapishi wanatoza kwa sahani. Gawanyeni. Mtapata namba, na namba hiyo ndiyo idadi ya wageni wenu. Msianze na majina mkatafuta fedha. Anzeni na fedha, ikawape idadi, ndipo mtafute majina. Na msinipigie simu kuniambia kwamba kwa bei za Mbezi Beach fedha hiyo haitoshi. Najua.

Sasa kuna anayeniuliza hapo alipo: je, na ile michango yangu niliyotoa miaka yote kwa wenzangu? Kila mwezi harusi mbili, tatu. Nisiirudishe?

Ndugu yangu, swali hili ndilo linalowarudisha wengi kwenye kundi la WhatsApp. Ile michango iliwaoza wenzako, imekwisha kazi yake. Ukitaka irudi, utairudisha pamoja na wenyewe, na wenyewe wanakuja na watoto. Itabidi uisamehe. Tena utabaki na kazi nyingine: harusi za wengine utaendelea kuchangia kwa kadiri ya uwezo wako. Ukikataa kuchukua na ukakataa na kutoa, mtaani watakupa jina, na mimi sitakuja kukutetea.

Iko njia moja ya kati nimeiona ikifanya kazi vizuri, hasa kwa shangazi na wajomba ambao ukiwakatalia kutoa watadhani umewatenga. Wape kitu cha kuleta badala ya fedha. Shangazi alete mchele. Mjomba atoe mbuzi. Kaka mkubwa agharamie soda. Hawa majina yao yamo kwenye orodha tangu mwanzo, kwa hiyo mchele wao haukuongezei mtu. Tena mjomba aliyetoa mbuzi atafika saa kumi na mbili asubuhi kuhakikisha anachinjwa vizuri.

Haya. Tuingie kwenye sehemu iliyo ngumu kuliko fedha. Wazazi.

Kosa la vijana ni kwenda na habari iliyokwisha kuamuliwa. Wanaketi sebuleni wanasema: tumeamua. Mzazi akisikia neno hilo anaona mlango umefungwa akiwa nje. Na tena, mambo haya hayapelekwi kwa baba kama barua ya benki. Kuna shangazi, kuna mama mdogo, kuna mshenga aliyekwenda kupeleka posa. Hawa ndio wa kutangulia. Shangazi akishakubali, nusu ya safari imekwisha.

Hata hivyo mama atataka kusikia kutoka kwako. Na mazungumzo yatakwenda hivi:

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Mama, tumefikiri harusi iwe ya watu wachache, hapahapa nyumbani."

"Wachache wangapi?"

"Arobaini, mama."

"Arobaini wa upande wetu?"

"Wa pande zote mbili, mama."

Hapo atakaa kimya kidogo, ataweka kanga vizuri, halafu atauliza swali lenye haki yake yote: "Miaka thelathini nimevaa sare za harusi za watu. Nimepika kwao, nimelala kwao. Mimi nitawaambia nini?"

Utamjibuje? Usimwambie kwamba dunia imebadilika. Mama ana wake aliowafanyia, na harusi ya mtoto ni siku ambayo naye anahesabiwa. Ukimnyang'anya siku hiyo bila kumpa nyingine, umemwacha na aibu mbele ya wenzake wa upatu. Kwa hiyo mpe siku yake. Kwa wengi wetu ziko sherehe kabla ya harusi ambazo kwa kweli ni za kina mama. Iko kitchen party, wanawake wanakuja na vyombo na maneno yao ambayo sisi wa redioni haturuhusiwi kuyarudia. Pwani kuna usiku wa hina. Mwambie: mama, ile ni yako, alika unaowataka, ifanyike uani kwetu, sisi tutanunua mchele na mkaa. Wenzake watakuja, watapiga vigelegele, watakula. Tena watakuwa wamemwona binti. Ila mjihadhari. Nimeona send-off, ile sherehe ya kumuaga binti, iliyokuwa kubwa kuliko harusi iliyofuata, na mwenye nayo alianza kwa kusema wanawake kumi tu.

Jambo jingine: posa na mahari si mali yenu nyinyi wawili. Hayo ni ya wazee, waachieni. Huku Bara, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema wazi kwamba ndoa iliyotimiza masharti yake ni halali hata kama mila ya mahari haikufuatwa. Ni kweli kabisa. Lakini sheria haitakaa meza moja na baba mkwe wako kila Krismasi. Wazee wakitaka kukutana siku nzima kwa ajili ya mahari, wakutane, wale, wataniane, wapatane. Kadiri heshima yao ilivyotimizwa huko mapema, ndivyo watakavyokuwa wepesi kukubali siku ya harusi iwe ndogo. Mkibana kote kote, watafungua kote kote.

Na ndoa yenyewe inahitaji watu wangapi? Hapa napita haraka kwa sababu jibu ni fupi. Sheria hiyohiyo ya 1971 inataka mashahidi wasiopungua wawili, na inataka mtoe taarifa kwa msajili angalau siku 21 kabla. Mnaofunga bomani, kwa mkuu wa wilaya, zingatieni hizo siku. Wengi wanakodi gari na mpiga picha kwanza, siku wanakwenda kuzihesabu baadaye. Makanisa mengi yanatangaza ndoa Jumapili tatu, na kuna mafundisho kabla. Muulizeni paroko au mchungaji kama anaweza kuwafungisha katika ibada ya kawaida, ya asubuhi. Kwa Waislamu kuna walii, mashahidi wawili, mahari, na kuoza na kukubali. Nani hajaona nikahi ya msikitini baada ya sala ya alasiri, halua na kahawa, na kabla ya magharibi kila mtu yuko kwake? Wazee wetu wa Unguja na Mombasa hawakungoja vijana wa leo wawafundishe harusi fupi.

Sasa majina.

Kaeni kila mmoja na karatasi yake, peke yake, aandike. Halafu mkutane. Mtashangaa kuona mmeandika watu mia na themanini, na hapo mlikuwa mnajizuia. Mtakata vipi? Wengine watakwambia uangalie nani mmeongea naye karibuni. Mimi nina kipimo kingine, kinatoka kwetu. Fikirini msiba wa mwisho nyumbani kwenu. Nani alikuja akakaa kwenye mkeka? Nani alilala? Nani aliosha masufuria siku ya tatu, wakati wengine wamekwisha kuondoka? Andikeni hao kwanza. Mtaona orodha inajipanga yenyewe, na baadhi ya majina makubwa yanateleza chini bila kusukumwa.

Nalitaja hili kwa sababu kuna ubaya mmoja unaopita kwa mgongo wa harusi ndogo. Orodha ikibanwa, anayekatwa ni nani? Mara nyingi anakatwa shangazi wa kijijini ambaye nauli yake itabidi mlipe nyinyi, na anayebaki ni mkurugenzi. Anakatwa dada aliyekulea, maana hana nguo ya kuja nayo, na anabaki rafiki mwenye gari zuri la kubebea maharusi. Katika mafundisho ya Uislamu, Mtume alimhimiza Abdurrahman bin Auf afanye walima japo kwa mbuzi mmoja, na hilo wapenda harusi ndogo tunalikumbuka upesi. Lakini yako mafundisho mengine yanayokemea chakula cha harusi wanachoitiwa matajiri na kuachwa maskini. Hilo nalo tulikumbuke. Harusi ya watu arobaini ambayo wote ni wenye nafasi zao ni kikao cha wakubwa, kilichopambwa maua.

Na mlipie shangazi nauli. Basi la kutoka kijijini kwenda na kurudi halifiki bei ya yale maputo.

Nani mwingine ananiuliza? Naam, kazini. Ofisi nzima ina watu sitini, utaalika nani uache nani? Usialike ofisi. Ukialika watatu, hamsini na saba watataka kujua sababu. Yule ambaye ni rafiki yako kweli, anayekuja kwenu hata mwisho wa wiki, huyo aje kama rafiki wa nyumbani. Wengine wapelekee keki na soda siku ya kurudi kazini, mle pamoja mchana. Watafurahi kuliko kukaa kwenye foleni ya kutoa zawadi hadi saa sita usiku.

Siku yenyewe sasa, na hapa sitakaa sana kwa sababu ikishakuwa ya watu arobaini inajiendesha. Ndoa saa nne asubuhi. Chakula saa saba. Ikifika saa kumi wazee wamechoka vizuri na wanataka kwenda. Uwanja wa nyumbani unatosha, turubai moja la kukodi, meza ndefu, viti vya plastiki vimefunikwa kitambaa kama mnataka. Mshereheshaji wa nini? Watu arobaini wanasikia bila kipaza sauti, na kila ukoo una mjomba mwenye sauti. Kama ni watu wa Kilimanjaro, ndafu mmoja anawatosha hao na vingine vya kando, tena wanapata nafasi ya kumwangalia vizuri kabla hajakatwa. Kama ni pilau, wako kina mama wa mtaani wanaolipika la watu arobaini bila kuangalia kipimo. Tafuteni mpiga picha mmoja mzuri kuliko watatu wa kubahatisha. Matarumbeta? Mimi ni dhaifu kwenye matarumbeta. Kama fedha imebaki, waje nusu saa.

Kitu ambacho msikose ni muda wa kukaa na wageni. Zungukeni kila meza. Kaeni kabisa, si kupita na kusalimia. Babu aseme neno lake lote hata kama ni refu, maana safari hii hakuna ratiba ya kumkatiza na hakuna wimbo unaongoja. Kwa watu arobaini inawezekana. Kwa watu mia tatu maharusi wanawaona wageni wao kwenye video.

Naomba niseme na hili kabla muda haujanibana: ndogo si lazima iwe rahisi. Wapo wanaokwenda kwenye hoteli ya kitalii ufukweni, watu ishirini, na bei yake ingelisha mtaa. Fedha ni yenu, sina neno. Ila msije mkasimama mbele ya wazazi mkasema mmeamua kubana matumizi, wakati mama ameona picha za ile hoteli kwenye simu ya mjukuu. Kama sababu ni kwamba mnapenda utulivu, semeni tunapenda utulivu.

Mwisho, wale mia na arobaini waliobaki nje ya orodha. Waambieni mapema, wala msingoje wakaone picha. Ujumbe mfupi unatosha: tunafunga ndoa tarehe fulani, kwa ibada na chakula cha familia, tunaomba dua zenu. Basi. Chini ya ujumbe huo msiweke namba ya kutumia pesa. Narudia: msiweke namba. Mkiiweka tu, mmefungua dirisha la tiketi, na tumekwisha kusema mtu akilipa ana kiti chake. Atakayetaka kutoa zawadi anajua mnakokaa.

Na wiki za mbele mzunguke. Jumamosi hii kwa mzee fulani, Jumamosi ijayo kwa mama fulani, kilo mbili za sukari mkononi, bwana harusi na mkewe, mkapige hodi. Kuna wazee watakaofurahia zaidi kutembelewa kwao kuliko kupewa kadi ya kwenda kuhangaika na muziki mkubwa. Na mtu akikukamata sokoni akakuuliza, mbona hukunialika, usimdanganye kwamba kadi ilipotea. Mwambie tulikuwa wachache, mkaribishe chakula Jumapili. Akija, mpikieni kweli.

Naona fundi mitambo ananionyesha vidole viwili, dakika mbili zimebaki na taarifa ya habari haimngoji mtu. Wiki ijayo nitageuka upande wa pili, nizungumze na wale wanaotaka harusi kubwa na hawaoni haya, maana nao wana hoja zao na wamekwisha kuniandikia. Mama uliye jikoni, angalia sufuria. Usiku mwema.